Ng'ombe Wamefika Wamekonda: Tuwapokee au Tuwarudishe?



Mwezi huu tunaomba tuondoke kidogo jikoni, tukasimame pamoja kwenye mlango wa zizi. Vikundi vingi vya akina mama siku hizi vimeingia katika kazi ya kunenepesha ng'ombe. Unanunua madume waliokonda wakati wa kiangazi, unawalisha vizuri kwa muda wa siku 90 hivi, kisha unawauza wakiwa na nyama. Huku kwetu Kanda ya Ziwa kazi hii ina nafasi nzuri, maana viwanda vya pamba vinatuachia mashudu na maganda, na mashine za mpunga zinatuachia pumba.

Watu hudhani kwamba faida ya kazi hii inapatikana siku ya kuuza. Sisi tumejifunza kwamba faida, au hasara, huamuliwa siku lori linapofika na ng'ombe ulioagiza. Ng'ombe wakishuka wakiwa pungufu ya uzito mliokubaliana, una saa moja au mbili za kuamua: kupokea, kupunguza bei, au kurudisha. Tuwasimulie yaliyotupata, pamoja na kosa letu, ili ninyi msilirudie.

Kikundi chetu

Sisi ni akina mama saba. Mmoja ni fundi cherehani, wawili wanauza mboga sokoni, wengine ni wakulima. Kwa miaka mitatu tulikuwa tukiweka akiba kidogo kidogo, na baadhi yetu tuliongezewa na waume zetu baada ya kuuza mpunga. Tulipofikisha fedha ya kutosha tuliamua kununua ng'ombe 10 mwezi wa Septemba, tuwalishe, tuwauze katikati ya Desemba, wakati watu wanatafuta nyama ya sikukuu.

Mchuuzi tuliyemtumia alikuwa kijana wa nyumbani, mtoto wa dada ya mmoja wetu. Tulikubaliana naye kwa simu: madume 10, wastani wa kilo 200 kila mmoja, shilingi 4,000 kwa kilo. Maana yake ni shilingi 800,000 kwa kila ng'ombe na shilingi 8,000,000 kwa wote. Alitutumia picha kwenye simu, tukaridhika. Tulimpelekea nusu ya fedha, shilingi 4,000,000. Hatukuandikiana chochote. Nani angemdai karatasi mtoto wa nyumbani?

Siku lori lilipofika

Lori lilifika saa nane mchana, likiwa limetoka mnadani tangu alfajiri. Ng'ombe walipoanza kushuka tulinyamaza. Mbavu zilihesabika. Mmoja aliteleza, utingo akamvuta mkia ndipo akasimama. Fundi cherehani wetu alinong'ona, "Hawa ndio wale wa kwenye picha?"

Kijana alituona nyuso, akawahi kusema: "Mama zangu, msiwe na wasiwasi. Ni safari tu. Wapeni maji, kesho mtaona wamejaa." Dereva naye alikuwa na haraka, alitaka fedha iliyobaki ili ageuze gari kabla ya jioni.

Hapo ndipo tuligawanyika. Watatu kati yetu walisema tupokee, maana fedha nusu imekwisha kwenda na kijana ni wetu. Wawili walisema arudi na ng'ombe wake wote. Mama mdogo wa yule kijana alikaa kando, hakusema neno, na sote tulijua ni kwa nini. Aliyetuokoa ni mama mkubwa wa kikundi, ambaye sote tunamwita Bibi. Alimwambia kijana kwa upole, "Mwanangu, hakuna anayekuita mwizi. Lakini fedha hii si ya mtu mmoja. Tupe nafasi tupime, kisha tutazungumza." Alimwagiza dereva akae kivulini, akapewa chakula, na mtoto akatumwa kumwita bwana mifugo wa kata.

Akina mama, shikeni jambo hili la kwanza. Haraka ya dereva isiwe haraka yenu. Mtu aliyeshiba chini ya mwembe hana shida ya kungoja saa mbili.

Kupima kwa futi ya cherehani

Mnada wenye mizani ya ng'ombe ndio mahali bora pa kupimia, tena kabla ya kulipa. Sisi hatukuwa na mizani, lakini bwana mifugo alituonyesha njia inayokaribia ukweli. Unazungusha futi kifuani mwa ng'ombe, nyuma tu ya miguu ya mbele. Kisha unapima urefu wa mwili, kutoka mfupa wa mbele wa bega hadi mfupa wa makalio. Vipimo vyote viwe vya sentimita. Zidisha mzunguko wa kifua kwa mzunguko wa kifua, zidisha jibu kwa urefu, halafu gawanya kwa 10,840. Unapata kilo.

Dume mmoja mwekundu, kwa mfano, kifua kilikuwa sentimita 132 na urefu sentimita 105. Hesabu ilitoa kilo 169. Ni makadirio, si mizani, lakini yanakusaidia zaidi kuliko jicho la mchuuzi, na hata jicho lako.

Tulipomaliza wote 10, jumla ilikuwa kilo 1,720. Tuliahidiwa kilo 2,000. Kama tungelipa fedha kamili, tungekuwa tumenunua kilo 280 ambazo hazikuwako, yaani shilingi 1,120,000 kwa hewa.

Je, maneno ya kijana juu ya safari yalikuwa ya uongo? Hapana, si yote. Ng'ombe akisafirishwa hutoa kinyesi na mkojo, na tumbo lake hubaki tupu. Safari ya saa chache huweza kumpunguzia asilimia 3 hadi 5 ya uzito, na safari ya siku nzima bila maji huweza kufikia asilimia 8 hadi 10 au kupita. Uzito huo hurudi akila na kunywa. Lakini hapa sisi tulikosa asilimia 14, kwa safari iliyoanza alfajiri ikaisha mchana. Tena kipimo cha kifua hakiyumbishwi sana na tumbo tupu, kwa sababu tumbo liko nyuma ya futi.

Jihadharini pia na ule ushauri wa kuwanywesha kwanza. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ng'ombe mwenye kiu anaweza kunywa lita 20 au zaidi kwa mara moja, na ukimpandisha kwenye mizani hapo hapo utalipia maji ya kisima chako mwenyewe. Mpeni maji, maana ni kiumbe na ana kiu, lakini mpime kwanza.

Ng'ombe wembamba si wa namna moja

Kisha bwana mifugo akatuambia jambo ambalo hatukulijua: kilo pungufu peke yake si sababu ya kumkataa ng'ombe. Kinachotakiwa ni kujua kwa nini amepungua. Alituonyesha mmoja mmoja.

Yuko aliyekonda kwa njaa. Kiangazi kimekausha malisho, hajala vizuri kwa miezi. Lakini mifupa yake ni mikubwa, macho yanang'aa, pua ina unyevu safi, na ukimwekea majani anakula mara moja. Huyu msimwogope. Mwili ulionyimwa chakula ukipata chakula kizuri hufidia upesi, na mara nyingi huongezeka haraka kuliko mwili ulioshiba siku zote. Masharti ni mawili tu: mlipie kwa kilo alizo nazo leo, si alizokuwa nazo kwenye picha, na muwe na chakula cha kutosha.

Yuko aliyekonda kwa uzee. Funua mdomo utazame meno ya mbele ya chini. Ng'ombe mzima ana meno manane hapo. Jozi ya kwanza ya meno ya kudumu huota karibu na umri wa miaka miwili au zaidi kidogo, kisha jozi nyingine hufuata hadi mdomo kujaa. Mkikuta meno yamelika na kuachana, huyo hatafuni vizuri, na chakula chenu kitapita bure.

Yuko mdogo tu. Huyu hajakonda, bali amedumaa au ni mchanga. Siku 90 hazimtoshi kumfanya mkubwa. Anamfaa mfugaji mwenye malisho na subira, si kikundi kinachohesabu siku za kuuza.

Na yuko mgonjwa. Vuta chini kope ya jicho utazame rangi ya ndani. Ikiwa nyeupe badala ya wekundu, damu imepungua, huenda kwa minyoo au kwa ndigana baridi. Uvimbe laini chini ya taya pamoja na kuharisha ni alama ya minyoo, hasa minyoo bapa wa ini. Tezi zilizovimba chini ya sikio na mbele ya bega, pamoja na homa, zaweza kuwa ndigana kali. Manyoya yaliyosimama, kichwa kilichoinama, kutojali majani: hayo yote ni maneno ya ng'ombe asiyeweza kusema.

Mkisikia kikohozi pamoja na homa na kupumua kwa shida, simamisheni kila kitu. Yaweza kuwa homa ya mapafu ya ng'ombe, ambayo huenea kwa pumzi. Hapo huwezi kuchagua walio wazima na kumrudisha mmoja, kwa kuwa wamesafiri pamoja. Mwiteni daktari wa mifugo kabla ng'ombe hata mmoja hajachanganyika na wa kijiji. Hata sisi, ingawa hapakuwa na kikohozi, tulitumia zizi la jirani lililokuwa tupu.

Pia ombeni kuona kibali cha kusafirisha mifugo. Kibali hicho kinadaiwa na Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003, na kinasaidia kujua ng'ombe wametoka wapi. Asiye na kibali huenda ana jambo analolificha, au ng'ombe si wake.

Uamuzi wetu, na kosa letu

Saba kati ya wale 10 walikuwa wamekonda kwa njaa tu. Jumla yao ilikuwa kilo 1,238. Tulikubaliana wote kuwapokea. Mmoja wa kilo 158 alikuwa mzee, meno yamekwisha. Mwingine wa kilo 155 alikuwa na uvimbe chini ya taya na alikuwa akiharisha. Hao wawili tulisema warudi, na kijana alipoona kope na meno kwa macho yake mwenyewe, hakubisha.

Akabaki yule mwekundu wa kilo 169. Alikuwa na mifupa mikubwa kuliko wote na nundu ya kupendeza. Lakini kope zake zilikuwa nyeupe, manyoya yamesimama, na majani aliyanusa akayaacha. Bwana mifugo alisema wazi, "Huyu mimi singemchukua." Kijana akatusihi: "Mama zangu, nikirudi na watatu nitakula hasara kubwa. Mchukueni huyu, ni mchovu tu." Mama mdogo wake akainua macho akatutazama. Tukamchukua.

Siku ile tulijiambia kwamba tumefanya huruma. Leo tunasema kweli: nusu ilikuwa huruma, nusu ilikuwa tamaa. Tuliona ile mifupa tukahesabu nyama itakayokaa juu yake.

Bei tuliipatanisha hivi. Kwa kila ng'ombe tuliongeza kilo 5 juu ya kipimo chetu, ili kijana asibebe peke yake hasara ya safari na makosa madogo ya futi. Ng'ombe wanane walifika kilo 1,447, sawa na shilingi 5,788,000. Tukatoa zile 4,000,000, tukamlipa 1,788,000 zilizobaki. Safari hii tuliandika, pande zote mbili zikatia sahihi, na bwana mifugo akawa shahidi. Kijana alikula nasi ugali kabla ya kuondoka.

Yule mwekundu alitibiwa siku iliyofuata. Alisimama siku mbili, akalala tena. Siku ya tisa tulimkuta amekufa. Bwana mifugo alisema ni ndigana baridi iliyokwisha kumla damu kabla hajafika kwetu. Jirani mmoja alitushauri tuchinje haraka na kuuza nyama kwa bei ya chini, tuokoe chochote. Tulikataa. Ng'ombe aliyekufa mwenyewe, tena akiwa na dawa mwilini, si chakula cha watoto wa mtu. Tulichimba shimo refu tukamzika.

Jioni ile mmoja wetu aliuliza kama ni lazima waume zetu wajue. Ni swali zito, akina mama, na tunajua wengi wenu mmewahi kujiuliza. Tulikubaliana kila mmoja aseme nyumbani kwake usiku uleule. Si wote waliopokelewa kwa maneno matamu. Mume mmoja alinyamaza siku mbili. Lakini asubuhi ya tatu alikuja zizini na jembe, akatusaidia kuchimba mfereji wa maji. Hasara iliyosemwa mapema huuma na kupita. Ile inayofichwa hugunduliwa, na ikigunduliwa huondoka na imani ya mwenzako.

Kuwalisha waliokonda

Wale saba tuliwaanza polepole. Siku za kwanza ni majani makavu na maji mengi, na mashudu kidogo tu. Tuliongeza mashudu na pumba kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili. Ng'ombe mwenye njaa akirundikiwa chakula kikali siku ya kwanza, tumbo huchacha, huvimba, na anaweza kufa akiwa ameshiba. Walipewa dawa ya minyoo na kuogeshwa dawa ya kupe. Kila wiki mbili tuliwapima kwa futi ileile na kuandika daftarini.

Katikati ya Desemba walifika jumla ya kilo 1,694. Tuliwauza kwa shilingi 4,500 kwa kilo, tukapata shilingi 7,623,000. Tutoe 5,788,000 za kununulia, 890,000 za chakula, na 292,000 za dawa, mlinzi na usafiri. Faida ilibaki shilingi 653,000, yaani shilingi 93,000 na kidogo kwa kila mmoja wetu.

Yule mwekundu peke yake alitugharimu shilingi 696,000. Mnaona? Ng'ombe mmoja tuliyemchukua kinyume cha ushauri alikula zaidi ya faida yote tuliyogawana. Kama tungemwacha kwenye lori, kila mama angekwenda nyumbani na fedha mara mbili. Na wale saba wembamba, ambao baadhi yetu walitaka warudishwe wote kwa hasira, ndio waliotulipa.

Mambo ya kukumbuka

Kabla ya kutoa fedha, andikeni: ng'ombe wangapi, uzito gani, watapimiwa wapi na lini, safari itaruhusiwa kula asilimia ngapi, na mgonjwa akionekana atarudi kwa gharama ya nani. Mwandikieni hivyo hata ndugu, maana karatasi hulinda undugu. Malipo ya mwanzo yasizidi kiasi ambacho mnaweza kuvumilia kukingoja, ili fedha iliyotangulia isiwalazimishe kupokea msichokitaka.

Lori likifika, pimeni kabla ya maji. Tazameni kope, meno, pua, tezi na kinyesi. Mwenye njaa mpokeeni kwa kilo zake. Mgonjwa arudi, hata akiwa na nundu nzuri. Na mtaalamu mliyemwita akisema hapana, msimgeuze kuwa shahidi wa kosa lenu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari letu lipo, na ukurasa wa yule mwekundu hatukuuchana. Yule kijana bado tunanunua kwake. Safari ya pili alikuja na futi yake mwenyewe mfukoni, na kabla hatujafungua midomo akasema, "Mama zangu, tupime."